Ngoma Iliyoingia Sufuriani

Ngoma ya shule iliingia nyumbani kwetu Alhamisi jioni, kichwani kwa mwalimu, imefunikwa koti lake huku mwenyewe akilowa chapachapa. Mwalimu ni mume wangu. Mtaa mzima hapa Majengo humwita hivyo, nami nimemzoea kwa jina hilo tangu uchumba. Aliitua sebuleni kati ya kochi na cherehani yangu, akajifuta uso, akasema, "Mama watoto, tuna mgeni mpaka Jumatatu."

Mgeni alikuwa mgonjwa. Ilikuwa ile ngoma kubwa ya bendi, inayobebwa tumboni na kupigwa pande zote mbili, na ngozi yake ya kulia ilikuwa imechanika kutoka ukingoni hadi katikati. Mwili wake ni bati lililokunjwa na kupakwa rangi za bendera, ngozi mbili zimevutwa kwa kamba ya katani inayopanda na kushuka ubavuni. Jumanne ilikuwa tarehe 26 Aprili, Siku ya Muungano, na shule yake ilikuwa imepangiwa kuingia uwanjani na bendi, kisha kwaya iimbe mbele ya wageni. Fundi wa ngoma alitaja bei ambayo mfuko wa shule haukuiweza. Mwalimu akaamua ataiwamba mwenyewe.

Nyumba yetu ni vyumba viwili na sebule, na sebule hiyohiyo ndiyo sehemu yangu ya ushonaji. Wiki ile sare za watu zilining'inia kwenye kila msumari. Kijana wetu wa kwanza, aliyekuwa kidato cha nne, alisomea kwenye meza hapohapo. Binti wa kati alikuwa ametamisha kuku wake chini ya meza hiyo, kwa sababu banda la uani lilikuwa linavuja. Na kitinda mimba alikuwa katika umri wa kupiga kila kitu chenye mlio. Kabla chakula cha usiku hakijaiva alikuwa ameshaushughulikia upande mzima wa ngoma kwa mwiko, kuku akaruka na kuacha mayai, na wapangaji wenzetu wakatoka uani kuuliza kama kuna msiba.

Sikununa, na sababu yake nitaieleza, maana bila hiyo mambo ya Jumamosi hayataeleweka.

Mume wangu alikulia Old Moshi, juu kidogo ya mji, katikati ya migomba na kahawa. Alisoma shule ya msingi miaka ya 1980, wakati ambapo shule ziliamka na mchakamchaka: watoto wanakimbia kwa mistari asubuhi na mapema, mmoja anaanzisha wimbo, wengine wanaitikia, wimbo ukilegea na miguu inalegea. Yeye alikuwa mdogo wa umbo, mtu wa mkiani. Siku moja mwanzishaji wa nyimbo alikuwa anaumwa, na mwalimu wa zamu akamnyooshea kidole yeye. "Wewe, anzisha." Akaanzisha kwa sauti ya juu mno, hakuna aliyeweza kuitikia, mistari ikavurugika. Mwalimu yule hakumgombeza. Alikimbia kando yake na kumwambia taratibu, "Shusha. Anzia pale wenzako wanapoweza kufika." Akashusha. Shule nzima ikaitikia.

Nimemsikia akisimulia habari hiyo kwenye harusi, kwenye vikao vya wazazi, na mara moja kwa kondakta wa basi. Kila akiisimulia husimama, hata kama alikuwa amekaa. Kwangu mimi ualimu wake ulianza asubuhi ile, kabla hajakanyaga Chuo cha Ualimu Butimba kule Mwanza, wanakoandaliwa walimu wa muziki, sanaa na michezo. Chuoni alikwenda kuongezewa maarifa. Hamu ya kusimama mbele ya wenzake na kuwafikisha mahali alikuwa nayo tangu darasa la nne.

Watu husema mtu huingia ualimu akikosa kazi nyingine. Wapo wa namna hiyo, siwakatai. Lakini fikiria ni wapi pengine shuleni mtoto wa miaka 11 anaruhusiwa kusimama mbele ya wenzake 40 na kuwafanya wafanye jambo pamoja. Kwenye hesabu anajibu akiulizwa. Kwenye historia ananakili ubaoni. Kwenye kwaya anaambiwa: wewe umeshaishika sauti ya pili, wachukue hawa, nendeni chini ya mti, mrudi mkiwa mmeiva. Anakwenda, anasikia nani anakosea, anatafuta maneno ya kumrekebisha bila kumvunja moyo. Hayo ni mazoezi ya kufundisha, na anayapata akiwa amevaa kaptula.

Basi Ijumaa asubuhi mwalimu alipitia machinjioni akanunua ngozi mbichi ya mbuzi. Jioni aliitandaza uani juu ya gunia, akaipaka majivu upande wa manyoya, akaikunja na kuisubiri, kisha akaanza kuikwangua kwa kisu butu. Kazi hiyo haitaki haraka. Ukitumia kisu kikali unaitoboa, ukiiacha na mafuta upande wa ndani itanuka na haitalia. Kijana wetu alishika upande wa pili kwa sababu aliamriwa, uso umemkunjamana. Ualimu yeye alikuwa ameshaufuta akilini. Alikuwa ameona madaftari ya kusahihisha yanavyorudi nyumbani kwa mafurushi, na mshahara unavyofika ukiwa umeshagawanywa. Alitaka kazi za kompyuta, na sisi hatukumzuia.

Ngozi ilipokwisha kuwa nyeupe na laini, mwalimu aliisuuza maji kadhaa, akailoweka kwenye karai langu la bluu chini ya upenu wa jiko, akalifunika kwa sinia. Akatangaza kwa nyumba nzima kwamba karai lisiguswe na mtu.

Wazazi wake hawakuwemo katika nyumba nzima. Walishuka kutoka mlimani Jumamosi asubuhi bila taarifa, baba mkwe na tarumbeta lake ndani ya gunia la sukari, mama mkwe na mkungu wa ndizi na maziwa ya mtindi kwenye kibuyu. Mimi nilikuwa soko la Mbuyuni kununua uzi na vifungo. Mwalimu alikuwa shuleni kukusanya wanafunzi, maana mvua ilikuwa imejaza maji darasa walilofanyia mazoezi na alikuwa amewaambia waje kwetu. Kijana alifungua mlango, akaamkia, "Shikamoo babu, shikamoo bibi," akarudi kulala.

Mama mkwe si mtu wa kukaa kwenye nyumba yenye jiko halijawashwa. Ni mwanamke aliyelea watoto wengi kwa mikono yake miwili, na akifika kwangu huniheshimu kwa kunifanyia kazi. Alizunguka uani, akainua sinia, akaona ngozi ya mbuzi imekwanguliwa vizuri, safi, imelainika kwenye maji. Akamshukuru Mungu kwamba mkwe wake amejipanga kwa ajili ya wageni. Akaikatakata.

Niliporudi nilipokewa na harufu ya supu tangu njia panda. Nilipoingia uani alikuwa amekaa kwenye kigoda, anamenya ndizi, sufuria kubwa ya shughuli inachemka juu ya mafiga.

"Shikamoo mama. Karibuni sana. Mmefika saa ngapi?"

"Marahaba mwanangu. Tumefika zamani. Nimekuta umeloweka ngozi, nikasema nikusaidie, maana hii inataka moto wa muda mrefu. Mbichi hii ingekuchelewesha."

Nilitazama karai la bluu. Lilikuwa limeoshwa na kuanikwa.

Mwalimu aliingia akifuatwa na kwaya nzima, watoto wa darasa la nne mpaka la saba, viatu mikononi kwa sababu ya tope. Aliwaamkia wazazi wake kwa furaha, akaenda moja kwa moja chini ya upenu. Akasimama. Akageuka kuniangalia. Nikaangalia sufuria. Akaangalia sufuria.

"Mama," akasema polepole, "ile ngozi ilikuwa ya ngoma."

"Ngoma gani?"

"Ya shule. Ya Muungano."

Mama mkwe aliachia kisu. "Ruwa!" akasema, akaweka mikono kichwani. Kisha akainuka na kwenda kufunua sufuria, akachota kipande kwa mwiko, akakiminya kwa vidole. Kilikuwa kimeshakuwa laini kabisa. Machozi yakamlengalenga, na hapo ndipo nilipompenda mume wangu upya, maana alimshika mama yake mabega akamwambia, "Mama, umepika vizuri. Ngozi zipo nyingi. Watoto hawa wametoka mbali na wana njaa." Akachukua mwavuli, akanikabidhi ufunguo wa kabati la madaftari, akamwita kijana wetu.

"Mimi natafuta ngozi nyingine. Wewe shika kwaya."

"Baba, mimi sijui kufundisha."

"Si uliimba kwaya shuleni? Kuna karatasi ya nota mezani. Sauti ya kwanza na ya pili wameiva, ya tatu bado." Akatoka kwenye mvua.

Kijana alibaki katikati ya sebule na watoto wanaomtazama. Tulisogeza kochi, tukatoa meza, kuku na mayai yake tukawahamishia chumbani. Bado watoto walijaa mpaka mlangoni, wengine wamekaa juu ya vitambaa vyangu. Nilijifanya niko kwenye cherehani ili nisimwondolee nafasi, lakini kanyagio sikuligusa.

Kwanza alijaribu kuwaimbia maneno, wakavurugika. Akachukua chaki yangu ya kukatia nguo, akaandika ukutani, juu ya rangi tuliyopaka Krismasi: d, r, m, f, s, l, t. Nilinyamaza. Nota hizo za herufi zilianzia kwa mwalimu wa kike wa mji wa Norwich, Uingereza, Sarah Glover, na mchungaji John Curwen akazieneza kuanzia miaka ya 1840 kwa sababu alitafuta njia nyepesi ya kuwafundisha watoto wa shule za Jumapili kuimba. Hazihitaji piano, hazihitaji karatasi yenye mistari. Zinahitaji ukuta na chaki, ndiyo maana zimedumu katika makanisa na shule zetu mpaka leo. Huku kwetu kwaya nyingi hazianzi na maneno: nota kwanza, maneno baadaye.

Sauti ya kwanza wakapita. Ya pili wakapita. Ya tatu kulikuwa na mtoto mmoja mrefu wa darasa la tano, amevaa sweta la kike lililombana kwapani. Wengine walipanda, yeye akabaki palepale chini. Wakashuka, akabaki palepale. Wenzake wakaanza kucheka, na msichana mmoja wa darasa la saba, mwenye sauti nzuri na uhakika wa mambo, akasema, "Kaka, huyo huwa tunamwambia afungue mdomo tu, asitoe sauti."

Nimeyasikia maneno hayo katika kwaya nyingi, za shule na za kanisa, na yananiuma kila mara. Mtu mzima akikumbuka kwamba hajui kuimba, mara nyingi anachokumbuka ni siku aliyoambiwa hivyo.

Kijana wetu alimtazama yule mtoto, naye mtoto akatazama chini. Kisha kijana akachuchumaa mbele yake. "Imba sauti yoyote. Yoyote tu unayoiweza." Mtoto akatoa mlio mmoja mzito, mdomo haujafunguka vizuri. Kijana akausikiliza, akauimba na yeye uleule. Wakakaa kwenye mlio huo wawili. Akawageukia wengine. "Sote tuje hapa alipo." Kwaya nzima ikashuka mpaka kwenye mlio wa yule mtoto, wakausimamisha, na nikaona bega la sweta linashuka, yule mtoto anapumua.

Baba mkwe alikuwa kwenye kona tangu mwanzo, hajasema neno. Akafungua gunia lake la sukari.

Tarumbeta lile lina historia yake. Wamisionari wa Kilutheri kutoka Leipzig walianza kazi Machame mwaka 1893, wakaenea mlimani kote, na pamoja na shule na zahanati walileta upigaji wa matarumbeta. Mpaka leo usharika ukiwa na harusi, msiba au sikukuu, utawasikia wapigaji kabla hujaliona kanisa. Baba mkwe alifundishwa akiwa mvulana, na mwinjilisti ambaye mchana alikuwa pia mwalimu wa shule. Yeye hakuwa mwalimu. Alilima kahawa maisha yake yote, akapeleka magunia kwenye chama cha msingi, akasomesha watoto. Ila kila jioni alilipuliza tarumbeta akikabili bonde, na mwanawe wa mwisho alikuwa anakaa chini ya mgomba kusikiliza.

Sasa aliutafuta mlio wa yule mtoto, akaupata, akaushika kwa pumzi ndefu. Kijana akauchukua mkono wa mtoto, akauweka kwenye mdomo wa tarumbeta ili ausikie mtetemo kwa kiganja. "Babu atapanda kidogo. Mfuate." Babu akapanda nota moja. Mtoto akabaki chini. Babu akarudi, akapanda tena. Mtoto akababaika, sauti ikakwaruza, kisha ikapanda. Ilipanda nota moja tu, lakini wote tuliisikia. Yule msichana wa darasa la saba ndiye aliyepiga makofi wa kwanza.

Kijana alikuwa amekisikia kisa cha mchakamchaka tangu utoto, kwa sikio moja, akitamani baba yake afike mwisho. Sidhani kama alikikumbuka wakati ule.

Saa nane supu ilipakuliwa. Mama mkwe alikuwa ameitia ndizi, akaongeza maji mara kadhaa mpaka ikatosha kila mtoto, tukanywea kwenye vikombe, vibakuli na vifuniko vya chupa za chai. Ilikuwa supu nzuri sana. Watoto walipoambiwa wamekula nini hawakuamini, kisha wakaamini kwa kelele, na habari ikafika shule nzima kabla ya Jumatatu.

Mwalimu alirudi jioni mikono mitupu. Machinjioni walikuwa wameshauza ngozi zote kwa wachuuzi. Aliyetuokoa ni ustadhi wa madrasa, jirani yetu wa nyumba ya pili, aliyekuja kuuliza vurugu ya mchana ilihusu nini. Madrasa yake ina madufu ya maulidi, na alikuwa na ngozi kavu ya mbuzi juu ya dari, ameiweka akiba.

"Mama mwalimu, lete karai lako," akaniambia. "Lakini safari hii nitalala nalo kwangu."

Jumapili baada ya ibada waliiwamba. Ustadhi hakukubali mtu mmoja avute. Aliwaweka watu ukingoni kwa jozi, kila mmoja na wa kumkabili: mwalimu na kijana, baba mkwe na yeye, mimi na binti. Tukavuta kwa zamu, kidogo kidogo, akigonga kwa ncha ya kidole na kusikiliza. "Mwamba ngoma ngozi huivutia kwake," alisema, "ndiyo maana mimi sitaki kuwamba peke yangu." Kamba ya katani ikakazwa, fundo kwa fundo.

Tatizo likabaki kukausha. Aprili ya Moshi mnaifahamu: mlima hauonekani siku nyingi, nguo zinakaa kwenye kamba mpaka zinaota ukungu. Ngoma tuliitundika darini jikoni, juu ya jiko la mkaa lenye moto mdogo, na kwa kuwa ilibidi mtu abaki kuilinda isije ikapata joto jingi ikapasuka, tulibaki wote. Umeme ulikuwa umekatika. Mwalimu akawapa watoto habari za Enoch Sontonga.

Aliwaambia kwamba kila asubuhi mstarini wanaimba kazi ya mwalimu wa kwaya. Sontonga alifundisha shule ya misheni ya Wamethodisti huko Nancefield, karibu na Johannesburg. Mwaka 1897, akiwa na umri wa kama miaka 24, alitunga Nkosi Sikelel' iAfrika. Nyimbo zake aliziandika kwenye daftari kwa nota za solfa, zilezile zilizokuwa ukutani kwetu, na kwaya yake ya shule ndiyo iliyoziimba. Alifariki mwaka 1905, kijana bado. Mwaka 1923 Sol Plaatje akaurekodi wimbo huo London. Tanganyika ilipopata uhuru mwaka 1961 tuliuchukua mlio wake, tukaupa maneno ya Kiswahili, na Zambia nayo ikautumia kwa wimbo wake wa taifa.

"Na mke wake?" nikauliza.

Husimuliwa kwamba mjane wake aliuza haki za wimbo kwa peni sita. Niliweka sindano chini. Wimbo unaosimamisha mataifa, na nyumba uliyotoka ikabaki na peni sita! Nilimwambia mume wangu kwamba madaftari yake ya nyimbo nitayafungia kabatini mimi mwenyewe, na ndivyo nilivyofanya.

Kisha akatupa habari ya Kenya, ambayo niliipenda zaidi. Mwaka 1963 walipotafuta wimbo wa taifa waliwapa kazi wanamuziki watano, akiwemo Graham Hyslop na George Senoga-Zake, na mlio waliouchagua ulitokana na wimbo wa kubembelezea mtoto wa Wapokomo wa Mto Tana. Mama mkwe alikuwa amempakata kitinda mimba. Akauliza, "Kumbe wa kulazia mtoto?" Akafurahi kuliko sisi wote.

Kijana hakuuliza habari za mataifa. Alingoja tumalize, akasema, "Baba, yule wa sweta. Akifika kwenye nota ya tano anapotea tena. Wewe ungemfanyaje?"

Mwalimu alikaa kimya kidogo. Halafu wakaanza kuzungumza wao wawili, nota kwa nota, nani akae karibu na nani mstarini, mtoto huyo asikie sauti ya nani sikioni. Waliendelea mpaka mkaa ukawa majivu, na ngoma ikanusurika kwa kuwa ustadhi alikuwa macho.

Jumanne ilinyesha manyunyu. Ngoma ilisafiri hadi uwanjani imefunikwa kitambaa changu cha nailoni cha meza. Ustadhi alikuja na jiko dogo la mkaa, akalificha nyuma ya turubai, na kabla bendi haijaingia aliipitisha ngozi juu ya joto namna anavyoyafanyia madufu yake usiku wa maulidi. Ililia vizuri. Kwaya iliimba vizuri. Yule mtoto mrefu alikuwa mstari wa nyuma, na niliweza kuuona mdomo wake ukifunguka kwa haki.

Matokeo ya kidato cha nne yalipotoka, kijana alituambia anataka chuo cha ualimu. Baba yake hakumpongeza mara moja. Alimkalisha akamwambia mambo magumu yote: mshahara, kupangiwa kituo mbali, kwamba akisomea muziki bado atapewa na vipindi vya hesabu, kwamba ngoma za shule hununuliwa mwisho baada ya kila kitu. Mtaala mpya ulioanza kutumika Januari 2024 umeweka somo la Sanaa na Michezo shule za msingi, na sisi katika nyumba yetu tulilipokea kwa shangwe, lakini somo kuwemo kwenye ratiba ni jambo moja na kuwa na mtu wa kulifundisha ni jingine. Kijana alisikiliza yote. Akasema, "Ndiyo maana wanahitajika." Basi akaenda Butimba, njia ileile ya baba yake.

Mwaka huu alipelekwa mazoezi ya kufundisha, shule ya kijijini, huko Kanda ya Ziwa. Juzi usiku akapiga simu, sauti ya kuhema. Amekuta kwaya haina mwalimu, bendi imekufa, ngoma kubwa imechanika ngozi zote mbili, na amewaahidi watoto kwamba ataiwamba. Ngozi anayo, imelowekwa. Hakumbuki jozi zinakaaje. Nilitoka na kanga begani mpaka nyumba ya pili, nikabisha hodi, nikaiweka simu kwenye spika mbele ya ustadhi.

"Shikamoo ustadhi."

"Marahaba mwanangu. Umeloweka tangu lini?"

"Tangu jana."

"Na majivu uliyasuuza yote? Kwanza niambie hapo ulipo nani anapika."

Kijana akacheka, akasema anapika mwenyewe. Ustadhi akaanza kumpangia watoto ukingoni mwa ngoma, mrefu na mrefu mwenzake, mfupi na mfupi, wa kwanza avute wa pili akiwa ameshika tu. Alikuwa ndiyo kwanza anafika kwenye kamba salio likaisha. Nikamtuma kitinda mimba dukani akimbilie vocha.